Vikoba pekee havitoshi: Wamarekani Weusi na vita ya nyumba

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwenye darasa la vijana wa chama mwishoni mwa wiki. Wengi mliomba kwenye kundi la WhatsApp. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)



Wiki tatu zilizopita, hapahapa ukumbini, kamanda mmoja alisimama akasema jambo ambalo halijaniacha. Alisema: tuache siasa kwanza, siasa hazinunui kiwanja. Tufungue kikoba, tuweke akiba, tununue viwanja pamoja, umaskini utaondoka wenyewe. Mkampigia makofi. Na mimi nilipiga, tena kwa nguvu. Lakini nikiwa kwenye daladala narudi nyumbani nikajiuliza, hivi hakuna watu waliokwisha kujaribu hilo tukaona walifika wapi? Wapo. Wamejaribu kwa zaidi ya miaka 150, katika nchi tajiri kuliko zote. Leo nataka niwasimulie habari zao.

Kama mnavyojua, nilikaa Boston miaka mitatu nikifanya kazi ya kutunza wazee. Nilipanga chumba Roxbury, mtaa ambao wakazi wake wengi ni Weusi. Nilikwenda na mawazo yale yale tunayokwenda nayo wote, kwamba Mmarekani ni Mmarekani, ana gari na ana nyumba. Nikakuta mambo ni tofauti.

Hebu tuanze na hesabu, kwa ufupi. Benki Kuu ya Marekani huchunguza mali za familia kila baada ya miaka 3. Chukua uchunguzi wa 2022. Zipange familia zote za Wazungu foleni, kuanzia maskini hadi tajiri, halafu mshike aliyesimama katikati. Mali yake, ukishaondoa madeni, ni dola 285,000. Fanya hivyo hivyo kwa familia za Weusi. Wa katikati ana dola 44,900. Sasa nyumba. Katika kila familia 100 za Wazungu, zaidi ya 70 zinaishi kwenye nyumba yao. Kwa Weusi ni 45 hivi. Na mwaka 1960, kabla hata ya sheria ya kuwahakikishia Weusi haki ya kupiga kura, ilikuwa 65 kwa 38. Yaani pengo la 27. Leo pengo limekaribia 30. Wamepata haki ya kupiga kura, wamepata mameya, wamepata rais, pengo la nyumba liko palepale na limenenepa kidogo.

Mtu atasema: hawaweki akiba, wanapenda anasa. Maneno haya hata sisi tunaambiwa, eti vijana mnapenda simu kali. Sasa sikilizeni. Mwaka 1865, vita ya wenyewe kwa wenyewe ikiwa inaisha na utumwa unakomeshwa, serikali ya Marekani ilianzisha benki ya akiba kwa ajili ya watu walioachwa huru. Mtu ametoka shambani kwa bwana wake juzi, hana ardhi, hana ng'ombe, lakini ile senti ya kwanza aliyolipwa katika maisha yake akaipeleka benki. Waliweka kwa maelfu. Waliosimamia fedha zile, ambao hawakuwa wao, wakazikopesha kwa marafiki zao na kwenye biashara za kubahatisha za majengo na reli. Dakika za mwisho wakamweka Frederick Douglass, mtu wao mkubwa kuliko wote, awe rais wa benki, naye akaingiza dola 10,000 zake mwenyewe kuiokoa kabla hajajua shimo lina kina gani. Mwaka 1874 ikafungwa. Wateja zaidi ya 61,000, na fedha zao karibu dola milioni 3 za wakati ule. Wengine walirudishiwa sehemu, wengi hawakupata kitu.

Kwa hiyo akiba waliweka. Tatizo lilikuwa nani ameshika ufunguo wa sanduku.

Nakuja kwenye ramani, na hapa naomba tutulie kidogo. Miaka ya 1930 uchumi wa dunia ulianguka, Wamarekani wengi wakawa wananyang'anywa nyumba kwa kushindwa kulipa benki. Mwaka 1933 serikali ikaunda shirika la kuokoa mikopo ya nyumba. Shirika hilo likachora ramani za miji zaidi ya 200 na kuipaka mitaa rangi. Kijani ni mtaa mzuri kabisa. Bluu, unafaa. Njano, unashuka. Nyekundu, hatari. Na kilichoufanya mtaa uwe mwekundu hakikuwa uchakavu wa nyumba peke yake. Waliandika kwenye fomu kabisa kama kuna Weusi wanaoishi pale. Mwaka 1934 ikaja taasisi nyingine ya serikali ya kudhamini mikopo ya nyumba, na miongozo yake ikawaambia wakopeshaji waziwazi kwamba mtaa wenye mchanganyiko wa rangi ni mtaa wa hasara. Wanahistoria wanabishana mpaka leo ni ipi kati ya taasisi hizo mbili iliyofanya ubaya zaidi. Kwa aliyekuwa anaishi ndani ya wekundu, matokeo ni yale yale: hakuna mkopo.

Sisi hapa Dar es Salaam jambo hili si geni. Mjerumani na Mwingereza walituchorea Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na ule uwanja wa Mnazi Mmoja ulikuwa ukanda mtupu wa kututenga na wenzetu. Na nyekundu? Wengi humu mmekulia kwenye nyumba zilizopigwa X nyekundu ukutani. Ya kwetu ilipigwa nikiwa kidato cha pili. Marehemu baba alikuwa ameijenga kwa miaka tisa, chumba kwa chumba, tofali kwa tofali. Alikuja kijana na kopo la rangi na brashi, hakusalimia, akapiga X, akaenda kwa jirani. Mama aliipaka chokaa kuificha. Ikawa inaonekana kwa chini. Basi nilipoiona ile ramani ya Boston kwa mara ya kwanza, imeandikwa mtaa wangu wa Roxbury na rangi ile, sikuhitaji kutafsiriwa.

Vita ya pili ya dunia ilipoisha, serikali iliwapa wanajeshi waliorudi mikopo yenye dhamana ya kununua nyumba, kununua shamba, kuanza biashara. Sheria ya 1944. Hapo ndipo mamilioni ya Wazungu wa kawaida, makuli, madereva, watoto wa wakulima, walipopata nyumba, na nyumba hiyo ndiyo iliyomsomesha mtoto chuo na ndiyo aliyorithi mjukuu. Weusi walipigana vita ile ile. Mwaka 1947, jimbo la Mississippi, jimbo ambalo Weusi walikuwa karibu nusu ya watu wote, ilihesabiwa mikopo ya namna hiyo 3,229. Iliyokwenda kwa wanajeshi Weusi ilikuwa 2. Sijakosea kusoma. Miwili.

Sasa mtu ambaye benki haimtaki anafanyaje? Anaenda kwa dalali. Na Chicago madalali walikuwa wanajua kazi. Dalali anapita mtaa wa Wazungu, anawanong'oneza kwamba Weusi wanakuja, uzeni haraka. Wanauza kwa bei ya kutupa. Kesho anamuuzia Mweusi nyumba hiyo hiyo kwa bei mara mbili, kwa mkataba wa kulipa kidogo kidogo. Bwana mmoja anaitwa Clyde Ross, mwanajeshi mstaafu aliyetoka kwao Mississippi, alinunua nyumba mtaa wa North Lawndale mwaka 1961 kwa dola 27,500. Muuzaji alikuwa ameinunua miezi sita kabla kwa 12,000. Na mkataba ulikuwa hivi: hati inabaki kwa muuzaji mpaka senti ya mwisho. Ukikosa rejesho moja tu, umepoteza nyumba, umepoteza kianzio, umepoteza kila ulicholipa. Muuzaji anakutoa nje, anamwingiza mwingine, anaanza upya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wakishirikiana na wenzao wa Chicago walikokotoa mwaka 2019 kwamba mikataba hiyo iliwanyonya Weusi wa Chicago kati ya dola bilioni 3 na 4 katika miaka ya 1950 na 1960. Jiji moja hilo.

Wangefanya nini? Wengi walifanya tunachofanya sisi. Waliongeza kazi ya pili, mke akatafuta kibarua, wakajinyima. Ross naye alifanya kazi usiku na mchana. Kila mtu akificha aibu yake ndani, anadhani ni yeye peke yake aliyepigwa. Mpaka 1968 walipoanza kukutana, chini ya kanisa, kila mmoja akaja na mkataba wake mkononi. Wakaulinganisha. Kumbe wote wamepigwa na watu wale wale kwa maneno yale yale! Wakaunda umoja wao wa wanunuzi wa mkataba na wakagoma kulipa. Familia mamia zilizuia malipo kwa pamoja. Zipo zilizotolewa vitu nje na polisi, majirani wakavirudisha ndani. Mahakamani, baada ya miaka, walishindwa. Lakini mikataba mamia iliandikwa upya kwa bei ya kibinadamu, watu wakapata hati.

Makamanda, hapo pa kulinganisha mikataba ndipo ninapopapenda. Fedha mpya haikuingia hata senti. Kilichoingia ni habari.

Na jambo hilo lilizaa lingine. Mjini Chicago humo humo kulikuwa na mama mmoja Mzungu, Gale Cincotta, mama wa nyumbani mwenye watoto sita, ambaye mtaa wake uliokuwa unachanganyika rangi ulianza kukaushwa mikopo. Hakuwa msomi wa chuo. Akakusanya vikundi vya mitaa, Weusi kwa Wazungu, wakavamia mikutano ya mabenki na kuuliza swali la mtoto mdogo: akiba zetu mnachukua hapa, mikopo mnapeleka wapi? Kutoka kwenye kelele hizo zikapatikana sheria mbili. Ya 1975 inazilazimisha benki kutangaza zinakopesha mtaa gani. Ya 1977 inasema benki inayochukua amana mahali lazima ihudumie mikopo mahali hapo pia, na inapotaka kufungua matawi au kuungana na benki nyingine, rekodi hiyo inaangaliwa na wananchi wanaweza kuweka pingamizi. Hapo sasa kikundi cha mtaa kinakaa meza moja na benki, na benki inasikiliza, kwa sababu kinaweza kuichelewesha. Sheria hizo zina matundu mengi, lakini zimeleta mabilioni ya dola kwenye mitaa ambayo ilikuwa imefutwa.

Nirudi Boston, kwenye mtaa nilioishi. Eneo la Dudley, mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilikuwa kama limepigwa bomu. Wenye nyumba walikuwa wanazichoma moto wachukue bima. Viwanja vitupu vilikuwa 1,300 hivi, na makampuni yanakuja usiku kumwaga takataka, hata mizoga ya machinjioni. Likaja shirika la wafadhili na nia njema, likaandaa mpango na bodi, wakaitisha mkutano kanisani. Wananchi wakatazama orodha ya bodi, viti vya wakazi vichache tu. Wakauliza waliokaa meza kuu: wangapi kati yenu mnaishi hapa? Kimya. Mpango ukavunjwa pale pale. Ulipoandikwa upya, wakazi ndio waliokuwa wengi kwenye bodi, na viti vikagawanywa ili Weusi, watu wa Cape Verde, Walatino na Wazungu wote wawe na sauti. (Sisi kwenye semina zetu tunauliza posho kwanza. Nasema tu.)

Walianza na takataka. Kampeni ya kwanza ilikuwa "msitumwagie uchafu". Wakashinda. Halafu wakataka ardhi. Kila walipojaribu kujenga, kiwanja kimoja cha jiji, cha pili cha mtu aliyehamia jimbo jingine, cha tatu mwenyewe hajulikani. Mwaka 1988 wakaishinikiza mamlaka ya jiji mpaka ikawapa wao, kikundi cha wananchi, mamlaka ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma. Nasi neno kutwaa tunalijua, lakini siku zote tukiwa upande wa wanaotwaliwa. Hawa walilishika upande wa pili, tena kwa viwanja vitupu, nyumba za watu hazikuguswa.

Ardhi wakaiweka kwenye chombo chao cha pamoja. Wewe unanunua nyumba, ardhi iliyo chini inabaki ya jamii, nawe unapewa mkataba wa miaka 99. Nilipoelezwa hivyo nilicheka nikasema hii si hati yetu ya Tanzania jamani! Tofauti ni nani anayesimamia. Kwetu ni rais kwa niaba ya umma, na afisa wa ardhi kwa niaba ya sijui nani. Kwao ni bodi ambayo jirani yako anaipigia kura. Nyumba zaidi ya 200 zimejengwa kwa utaratibu huo. Ukitaka kuuza, unauza kwa bei yenye kikomo, ili anayekuja baada yako, mpishi, mfagiaji, dereva wa basi, naye aimudu.

Hicho kikomo kina ugomvi wake. Nilikuwa na jirani, mama mmoja mstaafu, alinunua nyumba kwenye ardhi ile miaka ya tisini. Jumapili tulikuwa tunakaa kibarazani kwake. Siku moja akaniambia: mwanangu, binamu yangu aliuza nyumba yake nje ya mji akapata fedha ya kumsomesha kila mjukuu. Mimi nikiuza napata changu na nyongeza kidogo. Wazungu walipotajirika kwa nyumba hakuna aliyewawekea kikomo, kwa nini kikomo kije zamu yangu? Nilikosa jibu, na mpaka leo sina jibu zuri. Nikamwuliza, unajuta? Akanyamaza kidogo. Akasema mwaka 2008 benki zilipokuwa zinapiga nyumba mnada mtaa wa pili, yeye alikuwa analala usingizi.

Hilo la 2008 ni kweli kwa hesabu. Katika mtikisiko ule, Weusi wengi walikuwa wameuziwa mikopo ya riba kali hata pale walipostahili ya riba nafuu. Benki ya Wells Fargo ilikubali mwaka 2012 kulipa dola milioni 175 kumaliza mashtaka ya serikali kwamba iliwatoza Weusi na Walatino zaidi ya Wazungu wenye sifa sawa, ingawa haikukiri kosa. Mamilioni wakapoteza nyumba. Lakini mwishoni mwa 2010, ilipofanywa hesabu ya nchi nzima, katika nyumba 1,000 zilizo kwenye ardhi ya pamoja ya namna hii, zilizokuwa kwenye hatua ya kunyang'anywa hazikufika 5. Kwenye mikopo ya kawaida zilikuwa 46. Sababu haina uchawi. Chombo chao kinakagua mkopo kabla hujasaini, na ukianza kuyumba kinakuja kugonga mlango kabla ya benki.

Wazo lenyewe lilianzia kwa wakulima Weusi wa Georgia. Mwaka 1969, Charles Sherrod na wenzake waliotoka kwenye harakati za haki za kiraia walinunua ekari karibu 5,700, kwa sababu mkulima Mweusi aliyejiandikisha kupiga kura alikuwa anafukuzwa na mwenye shamba. Mkinuna kwa kupiga kura, mnalala wapi? Ndiyo swali lililowaletea wazo. Walilima miaka 15. Ukame ulipokuja, Wazungu jirani wakapewa mikopo ya dharura ya serikali, wao wakazungushwa. Mwaka 1985 shamba likapigwa mnada. Wakashitaki. Mwaka 2009 wakashinda dola milioni 12, wakanunua shamba lingine, ambalo zamani lilikuwa la mmoja wa wamiliki wakubwa wa watumwa wa jimbo hilo. Lakini miaka 24 ilikuwa imepita. Wengine walioanza hawakuwepo.

Na kule Evanston, karibu na Chicago, diwani mmoja, Robin Rue Simmons, aliwashawishi wenzake mwaka 2019 watenge fedha za kodi kwa ajili ya fidia, na 2021 wakapitisha dola 25,000 kwa kila mkazi Mweusi aliyestahili, azitumie kwa nyumba. Wapo Weusi waliopinga, wakasema fidia gani unanipangia pa kuitumia. Wapo wengine waliokwenda mahakamani wakidai ni ubaguzi dhidi ya Wazungu. Lakini diwani ndiye aliyeanza. Diwani, siyo seneta.

Sijaja kuwadanganya kwamba pengo limezibika. Takwimu nimezitoa mwanzoni. Mchumi William Darity na wenzake wanasema bila fidia kutoka serikali kuu haliwezi kuzibika, kwamba akiba, elimu na biashara ndogondogo haviwezi kufuta kilichochukuliwa kwa sheria. Naona ana haki kwenye hesabu. Ila yule mama wa kibarazani hakuweza kusubiri serikali kuu, na usingizi wake wa 2008 nao ni mali.

Kwa hiyo kamanda wangu wa wiki tatu zilizopita, nakuona umekaa pale nyuma, kikoba tufungue. Mimi nimeshaandika jina. Lakini Jumamosi ijayo kila mmoja aje na karatasi yake: barua ya kiwanja, risiti ya urasimishaji, mkataba wa mkopo, chochote ambacho nyumbani kinafichwa chini ya godoro kwa aibu. Tuvipange mezani tuone nani amelipa nini kwa nani, na nani alipewa fidia kiasi gani kwa kiwanja kinacholingana na cha jirani. Mimi nitaleta ile barua ya baba ya tathmini. Tulivunjiwa, na mpaka leo sijajua waliokuwa upande wa pili wa barabara walilipwa shilingi ngapi.

Mwenyekiti, nimalizie hapo. Karibuni kwa maswali.